Vijiko Viwili vya Brigedia Tunu

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, la hasha. Ina sheria inayokataza kutajwa bila kibali, kibali hutolewa Jumanne tu, na kila Jumanne afisa mhusika huwa yuko msibani. Wafiwa wote wa nchi ile wanamfahamu kwa jinsi anavyojipakulia. Basi tuiite nchi, nanyi mnaosoma mfanye kama hamjawahi kuiona.

Siku balozi wa taifa moja la mbali alipompelekea Mtukufu Mlezi zawadi, watu wa Ikulu walidhani kaleta kikapu kitupu. Ndani ya kikapu kulikuwa na taulo, na ndani ya taulo kijibwa cha wiki nane, cha ile jamii ya mbwa wadogo ambao hata wakizeeka hawazidi kilo tatu. Kilikuwa na gramu mia nane. Mtukufu Mlezi alikitazama, akakibonyeza tumboni kwa kidole kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akasema neno moja: "Alishwe." Kisha akaenda kulala.

Neno la Mtukufu Mlezi ni amri. Shida ni kwamba amri haikusema alishwe nini, kiasi gani, wala mara ngapi, na katika nchi ile hakuna mtu aliyewahi kumwuliza Mtukufu swali akabaki na cheo chake. Kijibwa kikakaa siku nzima bila kula huku barua zikizunguka. Wizara ya Kilimo ilijibu kuwa mbwa si zao. Wizara ya Afya ilijibu kuwa mbwa si mgonjwa, na akishakuwa mgonjwa waandikiwe upya. Kufika asubuhi ya pili kijibwa kilikuwa kinatetemeka, na mtu mmoja mwenye akili, ambaye baadaye alihamishwa, akakumbuka kwamba kule kwenye josho la ng'ombe, nje ya mji, kuna daktari wa mifugo.

Daktari mwenyewe alikuwa Sikudhani, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mvaa buti za mpira, ambaye mikono yake ilikuwa imeingia ndani ya ng'ombe mara nyingi kuliko mawaziri walivyoingia ofisini. Alichukuliwa na gari la king'ora akiwa bado ananuka dawa ya kupe. Alidhani anakwenda kufungwa, kwa kuwa juma lililopita alisema mbele za watu kwamba dawa ya josho imechakachuliwa kwa maji. Alipoonyeshwa kikapu akashusha pumzi. Alikigusa kijibwa fizi, akaona zimepoa, akaagiza asali upesi. Akakipaka kile kiumbe asali kwenye fizi, akakitia kifuani ndani ya koti lake, na baada ya robo saa kikafumbua macho na kuanza kuutafuna ukosi wa koti. Hapo hapo Sikudhani alikipenda, na hilo ndilo lililomponza.

Aliomba karatasi, akaandika nusu ukurasa. Kijibwa kipewe vijiko viwili vya mezani vya nyama ya kusaga iliyochemshwa na wali laini, mara nne kwa siku mpaka kifikishe miezi mitatu. Kisha mara tatu mpaka miezi sita, na baada ya hapo mara mbili. Kisizidishiwe, kwa sababu tumbo lake ni dogo kama limau. Kisirukishwe mlo hata mmoja, kwa sababu sukari ya mwili wake hushuka upesi, na ikishuka kitakufa. Akatia sahihi, akaomba gari la kumrudisha josho. Hakuna aliyemjibu habari ya gari.

*

Iliundwa Tume ya Kudumu ya Ulishaji. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kirobo Machupa, mtu aliyekwisha kupitia wizara tano, na kila alikotoka aliondoka yeye amenenepa na wizara imekonda. Katibu alikuwa Bwana Ndekwa, ambaye kazi yake ilikuwa kugeuza kila jambo liwe karatasi. Walimkalisha Sikudhani mwisho wa meza, karibu na mlango, kwa sababu ya ile harufu ya dawa ya kupe.

"Vijiko viwili," Mheshimiwa Machupa alisoma, akavua miwani. "Mama Daktari, hebu tuheshimiane. Zawadi ya Mtukufu Mlezi inapewa vijiko viwili? Majirani wakisikia watasemaje?"

"Tumbo lake ni dogo, Mheshimiwa."

"Tumbo la taifa si dogo!" Wajumbe wakapiga meza. Mmoja alipiga akiwa usingizini, kwa mazoea.

"Na hili la mara nne," Bwana Ndekwa akasema kwa upole. "Mtukufu Mlezi mwenyewe hula mara tatu. Mbwa atakulaje mara nyingi kuliko Mlezi wa Taifa? Naogopa hata kuliandika."

Walilijadili hilo tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana, wakaahirisha kwa ajili ya chakula cha mchana, wakarudi wakipiga mbweu, na saa kumi wakafikia uamuzi: kijibwa kitakula mara tatu, na ile mara ya nne itaitwa mapitio ya mlo. Sikudhani alishukuru kwa moyo wote. Kijiko ni kijiko, alijiambia, wakiite watakavyo.

Maskini hakujua kwamba jiko la Ikulu haliruhusiwi kumpakulia asiye na cheo. Ikabidi kijibwa kipewe cheo. Kikaitwa Tunu, kikavikwa ubrigedia, na vile vyuma vya mabegani vilikuwa vizito hivi kwamba kilipojaribu kusimama kiliangukia pua. Na kwa kuwa sasa kilikuwa Brigedia, kikaingia moja kwa moja katika desturi kongwe ya nchi ile, desturi ya kuonja.

Desturi yenyewe ilianza enzi za babu yake Mtukufu Mlezi, aliyekufa mezani. Alikwamwa na mfupa wa kuku, kila mtu alimwona, lakini historia iliandika sumu. Tangu hapo, chakula cha yeyote kuanzia kanali kwenda juu sharti kionjwe na watu tisa kutoka ofisi tisa, na kila mmoja ale tonge kamili, alimeze, angoje kidogo aone kama amekufa. Desturi haikuwahi kumwumiza mtu, kwa sababu wakubwa wa nchi ile hupakuliwa kwenye masinia. Hakuna aliyewahi kuwaza mkubwa wa kula vijiko viwili.

*

Mlo wa kwanza uliletwa saa sita mchana, kwenye sahani ya fedha yenye kifuniko. Kifuniko kilipoinuliwa, vile vijiko viwili vya nyama vilikuwa pale katikati, vinatoa mvuke. Brigedia Tunu akainua pua, mkia ukaanza kwenda huku na huku. Waonjaji tisa wakajipanga mstari.

Wa kwanza alichota kwa vidole vitatu, akatafuna macho yamefumba, akatangaza kuwa hakuna sumu ila chumvi haikukolea. Wa pili akataka kuhakikisha hilo la chumvi. Wa tatu alikuwa na mafua. Alichota, akapiga chafya juu ya sahani, akachota tena. Kufika wa tano sahani ilikuwa inang'aa. Wa sita, wa saba na wa nane waliilamba, kwa zamu, kwa kufuata vyeo. Wa tisa, aliyekuwa mdogo wao wote, alipitisha kidole kwenye ukingo, akakinyonya kwa sauti. Nasema kinyaa, na sitafuti neno la kistaarabu. Sikudhani aliwahi kumtoa ndama aliyeozea tumboni mwa ng'ombe, kwa mikono yake mwenyewe, kipande kwa kipande, na siku ile hakutema mate. Siku hii alitema.

Sahani ikawekwa mbele ya Brigedia. Brigedia akainusa, akajitazama ndani yake.

"Weka sahihi hapa, Daktari," Bwana Ndekwa akasema, akimsogezea cheti. Kilikuwa kimeandikwa tayari: Brigedia Tunu amekula, ameshiba, anashukuru.

"Lakini hajala!"

"Sahani imerudi tupu?" Mheshimiwa Machupa aliuliza.

"Imerudi tupu, lakini waliokula ni..."

"Jibu swali tu, mama. Imerudi tupu au haikurudi tupu?"

"Tupu."

"Basi amekula. Weka sahihi."

Sikudhani aliweka. Msimwulize kwa nini. Nyinyi wenyewe mmeweka sahihi ngapi? Mlangoni palikuwa na askari wawili, na mmoja wao alikuwa anakwangua kucha kwa singe. Waliporuhusiwa kutoka, alichukua yai la kuchemsha alilokuwa amejifungia kwa chakula chake cha mchana, akamlisha Tunu kiini kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. Akajichukia njia nzima hadi chumba alichopangiwa.

Kesho yake akaona atumie akili. Akaandika kwamba mlo uongezwe, viwe vijiko kumi na kimoja: tisa vya kuonjwa, viwili vya mbwa. Tume ilipitisha papo hapo, bila kuahirisha, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nchi ipate uhuru. Lakini Bwana Ndekwa akasimama na hoja. Chakula kimeongezeka, alisema, kwa hiyo na hatari ya sumu imeongezeka. Kila mwonjaji ale matonge matatu. Vijiko kumi na kimoja vikaisha kwa mwonjaji wa nne. Sikudhani akaomba kilo nzima. Ndipo wakateuliwa waonjaji wasaidizi, na wasaidizi wote, kwa bahati njema, walikuwa wake na mashemeji wa waonjaji. Kilo moja ikawa tano, tano zikawa kumi na moja. Mwisho wa mwezi Brigedia alikuwa anachinjiwa mbuzi kwa kila mlo, na mbuzi mwingine kwa mapitio.

Mheshimiwa Machupa, kwa kuwa ni mtu wa kujitolea, alijiundia cheo cha Mwonjaji wa Mwisho. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya mto aliokuwa akilalia Brigedia na kumalizia kilichobaki, ili Brigedia asipate taabu ya kuinama. Alikula huku mafuta yakimtiririka mpaka kwenye viwiko. Vipande vilimdondokea kwenye tai, akaviokota kwenye tai. Akishashiba alipapasa kitu cha kujifutia, na kilichokuwa karibu kila siku ni mgongo wa Tunu. Akamfutia vidole pale, vyote kumi. Tunu akajigeuza akaulamba mgongo wake mwenyewe. Hicho ndicho chakula pekee alichokipata kwa serikali; kilichomweka hai ni viini vya mayai ambavyo Sikudhani alimlisha kwa siri kila alipopata upenyo.

Wananchi hawakuachwa nyuma. Kila siku saa saba mchana redio ilikatiza matangazo kwa Taarifa ya Mlo: Brigedia amekula paja, Brigedia amekula maini, Brigedia anawasalimu. Wakati wa taarifa watu walitakiwa wasimame. Walisimama mashambani, walisimama sokoni, na matumbo yao yakaunguruma wakati wa wimbo wa taifa bila mtu kuthubutu kugeuka kuona ni la nani.

Kuhusu uzito, Ikulu ilikuwa na mizani moja ya kupimia magunia, na mizani hiyo haikumwona Brigedia hata kidogo. Bwana Ndekwa akakata shauri uzito utafutwe kwa hesabu. Alijumlisha kilichoingia, akauliza kama kuna aliyemwona Brigedia akienda haja kubwa, akaambiwa hakuna. Basi vyote vimo, akasema, na akaandika kilo arobaini na mbili. Siku hiyo Tunu alikuwa na gramu mia saba.

*

Siku miguu ya nyuma ya Tunu ilipokataa kumbeba, Sikudhani alisimama mbele ya Tume, katikati ya kuonja, akasema kwa sauti: "Waheshimiwa, Brigedia anakufa kwa njaa."

Taya zilisimama. Kisha Mheshimiwa Machupa akacheka, na alichokuwa nacho mdomoni kikaruka mezani. "Njaa? Kwa kilo kumi na moja kila mlo? Daktari, unataka kutuambia karatasi zina njaa?" Wote wakacheka. Mwonjaji mwenye mafua alicheka mpaka akapaliwa, na mwenzake akatumia nafasi hiyo kumlia tonge lake.

Sikudhani akatazama mstari ule wa migongo iliyoinamia sinia. Hakuna jicho lililokuwa kwa mbwa. Tangu mwezi uanze hakuna jicho lililowahi kuwa kwa mbwa. Akainama, akamvua Tunu vile vyuma, akamtia katika kikapu chake cha chakula, akatoka nacho mchana kweupe.

Getini askari akamzuia. "Fungua kikapu, dada. Watu wanatoroka na nyama humu."

Sikudhani akafungua.

Askari akachungulia, akainua taulo, akatafuta chini yake. "Ni mbwa tu?"

"Ni mbwa tu."

"Kama si nyama, pita."

Alikwenda naye kwa shangazi yake, Bi Tausi, aliyeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka josho. Asali, kiini cha yai, vijiko viwili. Baada ya saa sita vijiko viwili tena. Bi Tausi alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mara nne, mwanangu? Mimi shangazi yako nakula mara mbili, na moja kati ya hizo ni chai."

"Ni mdogo, shangazi. Akiruka mlo mmoja anakufa."

"Na sisi tukiruka?"

"Sisi tumeshazoea."

Bi Tausi akaguna, akamtazama yule mbwa akilamba kijiko hadi kwenye mpini. "Haya, zoea na wewe," alimwambia, lakini jioni alionekana akimpulizia wali upoe.

Siku tatu Sikudhani alingoja kukamatwa. Siku ya nne akaona heri aende mwenyewe Ikulu. Alikuta mto uko pale, umekaa wazi, na kandoye Mheshimiwa Machupa anamalizia mguu wa mbuzi. Waonjaji walikuwa katika mstari. Sahani ikawekwa mbele ya mto, ikarudi tupu. Bwana Ndekwa akamsogezea cheti: Brigedia Tunu amekula, ameshiba, anashukuru. Sikudhani alikisoma mara mbili, akatia sahihi, na njiani kurudi akagundua kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa ametia sahihi jambo la kweli.

Ikawa hivyo siku nenda rudi. Tunu alifikisha miezi mitatu, akashushwa milo ikawa mitatu. Alifikisha kilo moja, kisha moja na nusu. Alijifunza kubwekea kuku wa jirani na kulalia kanga ya Bi Tausi. Huko Ikulu mto wake ulizidi kunenepa kwenye karatasi, sitini, themanini, na wajumbe walipita mbele yake wakapiga saluti bila kuangalia chini.

*

Miezi minne ilipopita tangu zawadi iletwe, Mtukufu Mlezi aliamka siku moja akasema: "Nimwone mbwa wangu." Balozi aliyempa angekuja, na sherehe ifanyike uwanjani Jumamosi.

Mheshimiwa Machupa akautazama mto kwa mara ya kwanza. Akainua pembe moja, akachungulia chini yake. Hakuuliza Brigedia yuko wapi wala ametoweka lini. Aliuliza nani wa kufungwa. Wakamkamata Bi Mwanaidi, mama mtu mzima aliyekuwa anafagia chumba kile, kwa kosa la kumfagia Brigedia. Ikatangazwa kuwa atanyongwa Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya ngoma.

Sikudhani hakulala. Asubuhi akamlisha Tunu, akamtia kikapuni. Bi Tausi alikunja ile kanga akaiweka juu yake asipate baridi.

"Mwachieni yule mama," Sikudhani aliiambia Tume. "Aliyemchukua Brigedia ni mimi. Huyu hapa."

Akamweka Tunu mezani. Manyoya yalimeta, macho yaling'aa, na mkia ulimtikisa mwili mzima. Alikuwa na kilo mbili kamili. Wajumbe walimzunguka wakamtazama kama mtu anayetazamwa na wakwe.

"Nini hiki?" akauliza Mheshimiwa Machupa.

"Ni Brigedia Tunu."

Bwana Ndekwa akafungua jalada. "Brigedia, kwa taarifa ya jana, ana kilo tisini na sita. Sahihi ni yako, Daktari. Huyu hafiki hata sikio la Brigedia." Akafunga jalada. "Huyu ni mzushi. Na mzushi anayejifanya afisa wa jeshi adhabu yake inajulikana."

"Lakini mnamwona kwa macho!"

"Macho hayana tarehe wala mhuri," alisema Bwana Ndekwa, tena kwa huruma.

Tunu akafungiwa katika tenga la kuku. Ikaamriwa apigwe rungu Jumamosi, nyimbo zikiisha, ili kutosumbua nyimbo. Kisha Tume ikaketi kutafuta mbwa wa kilo tisini na sita. Nchi nzima haikuwa na mbwa hata wa kilo kumi na tano. Mbwa wote wa nchi ile huonekana mbavu. Walitafuta mpaka Ijumaa mchana. Ijumaa mchana mjumbe mmoja, kwa utani au kwa uchovu, akamwangalia Mwenyekiti kutoka juu mpaka chini, na wenzake wote wakageuka kumwangalia pia. Wakaleta ile mizani ya magunia. Tisini na sita, wala haikuzidi gramu.

"Kwa kweli, chakula chote cha Brigedia kimo humo," alisema Bwana Ndekwa, akikuna kidevu. "Kwenye karatasi hakuna tofauti."

Mnadhani Mheshimiwa Machupa alikasirika? Aliuliza kola ya mbwa atakayovaa ni ya rangi gani. Na kwa kuwa sasa Brigedia hakuwa amepotea kamwe, Bi Mwanaidi akaachiliwa, akaonywa asirudie.

*

Jumamosi uwanja ulifurika. Mto ulikuwa umeshonwa upya, mkubwa kama godoro, ukawekwa miguuni pa Mtukufu Mlezi. Mheshimiwa Machupa aliingia kwa mikono na magoti, kafunikwa blanketi la manyoya, vyuma mabegani, ulimi nje. Saa ya mkononi hakuivua.

Balozi alitoa macho. Akakohoa, akatazama ratiba, kisha akasema serikali yake inafurahi kuona mbwa ameipenda hali ya hewa. Ndiyo kazi ya mabalozi.

Mtukufu Mlezi alinyoosha mkono akapapasa kipara. "Amepungua manyoya."

"Ni uzalendo, Mtukufu," Bwana Ndekwa akajibu.

Hapo Mheshimiwa Machupa akageuza kichwa akaulamba mkono wa Mtukufu Mlezi. Aliulamba kiganjani, akaulamba mgongoni, akapita kidole kwa kidole bila kuruka hata kimoja, na watu wazima wenye wajukuu wakasimama kwenye viti wakashangilia.

"Aliyemlisha yuko wapi?" Mtukufu Mlezi aliuliza. Wakamsukuma Sikudhani mbele, na mkoba wake wa kazi mkononi. "Umefanya kazi nzuri. Omba kitu chochote."

Nyuma ya jukwaa, karibu na ngoma, tenga lilikuwa linakwaruzwa kutoka ndani. Askari wa rungu alikuwa amelikalia, anangoja nyimbo ziishe. Ulibaki ubeti mmoja.

"Naomba lile tenga, Mtukufu."

"Kuna nini humo?"

"Mzushi, Mtukufu!" Bwana Ndekwa aliruka. "Anauawa sasa hivi."

"Ana uzito gani?"

"Kilo mbili."

Mtukufu Mlezi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Kilo mbili! Mpeni, mpeni." Kwa kuwa yeye alicheka, uwanja mzima ukacheka, na tenga likaletwa likawekwa karibu na mguu wa Sikudhani. Aliingiza kidole kati ya fito, na ulimi mdogo wenye joto ukakipata.

Angeweza kushuka ngazi akaenda zake. Alikuwa amekwisha kugeuka. Lakini Mheshimiwa Machupa, pale juu ya mto wake, alikuwa anamtazama, mdomo umelowa. Na mtu yule akamkonyeza, kama wanaokula sahani moja.

"Kwani afya ya Brigedia ikoje?" Mtukufu Mlezi akauliza.

Sikudhani akarudi. "Afya anayo, Mtukufu, tena ya kupita kiasi. Ila kuna jambo limesahauliwa. Ni dume, na amefikisha miezi sita. Mbwa wa jamii hii akifika umri huo huhasiwa. Asipohasiwa atatoroka, na ulafi utamzidi."

Mtukufu Mlezi alifikiri kidogo. Hakupenda kutorokwa. "Ahasiwe."

"Lini, Mtukufu?"

"Hapa hapa. Wananchi waone."

Sikudhani akapiga magoti kando ya mto, akafungua mkoba. Vyuma vya kazi vikagongana humo ndani. Akainamisha kichwa mpaka karibu na sikio la Mheshimiwa Machupa, akasema polepole, na alikuwa anasema kweli: "Mheshimiwa, sema tu kwamba wewe ni mtu. Neno moja, nami nafunga mkoba."

Jasho lilimtoka Mheshimiwa Machupa chini ya manyoya. Akafungua mdomo. Akamtazama Mtukufu Mlezi, akawatazama wajumbe wa Tume, na akaona wote macho yao yako kwenye mto. Wawili walikwisha kutanguliza magoti, na Bwana Ndekwa alikuwa anajipima kola kwa vidole. Upepo ukaleta harufu ya mbuzi. Mlo wa mchana ulikuwa unapandishwa jukwaani.

Akabweka. Akabweka tena, mara hii vizuri zaidi, akalala chali akakunja mikono kifuani, na uwanja mzima ukapiga makofi. Sikudhani akakunja mikono ya shati, akaomba maji ya moto na sabuni.